Kasi ya moto: Kwa nini godoro huteketea kabla ya boriti

NYUMBA inapoteketea, watu huuliza moto ulianzia wapi na nani aliyeuwasha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza vitu vilivyokuwamo vilichukua dakika ngapi kuungua. Hata hivyo, hilo ndilo swali ambalo jibu lake huamua kama waliomo watatoka wakiwa hai, kama jirani atawahi kufika na ndoo ya maji, na kama gari la zimamoto litakuta nyumba au litakuta majivu.

Eneo la Lanet, viungani mwa jiji la Nakuru, ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili. Barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea magharibi mwa Kenya na Uganda hupitia hapo, na malori ya mafuta hayakosi kuonekana mchana na usiku. Reli nayo inapita. Kuna kambi ya wanajeshi, kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama, mashamba ya nyasi na mahindi, na makazi yaliyosongamana ya mawe, mbao na mabati. Katika mwendo mfupi wa miguu mtu hukuta karibu kila kitu kiunguacho kinachomzunguka Mkenya: petroli, gesi ya kupikia, mafuta taa, makaa, magodoro ya sponji, mbao na majani makavu. Kila kimoja kina kasi yake ya kuungua, na kila kasi ina maana yake kwa maisha ya watu.

Wengi hudhani kwamba kitu cha hatari zaidi ni kile chenye joto jingi ndani yake. Hesabu haikubaliani nao. Kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban megajuli 16 za nishati ikiungua yote. Kilo moja ya sponji ya godoro hutoa kama 25, na kilo moja ya petroli kama 45. Tofauti baina ya kuni na petroli haifiki mara tatu. Lakini gogo la kuni huchukua saa nzima kutoa joto lake, godoro huchukua dakika chache, nao mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa huwaka kwa mara moja. Kwa hivyo, hatari haimo katika wingi wa joto peke yake, bali zaidi katika upesi wa kutolewa kwake.

KINACHOUNGUA NI MVUKE

Ili kuielewa kasi hii, yafaa kwanza kujua kwamba vitu vingi vigumu haviungui vikiwa vigumu. Mtu akiutazama mshumaa kwa makini ataona kwamba mwali haukugusana na nta. Joto huiyeyusha nta, nta hupanda utambini, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ubao nao ni vivyo hivyo. Ukipata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi zinazoshika moto, huku ukiacha nyuma makaa meusi. Mwali tunaouona ni wa gesi hizo.

Basi kasi ya kuungua hutegemea jinsi kitu kinavyoweza kutoa mvuke upesi, na jinsi mvuke huo unavyokutana na hewa. Mambo matano ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni ukubwa wa uso ukilinganishwa na uzito. Gogo lina uso mdogo, lakini likipasuliwa kuwa vijiti lina uso mkubwa, na likigeuzwa kuwa maranda uso huo huongezeka maradufu tena na tena. Ndiyo maana hakuna mpishi anayejaribu kuwasha gogo kwa kiberiti. Vumbi lenyewe likipeperuka hewani, liwe la mbao au la unga wa mahindi, laweza kulipuka mfano wa baruti, ingawa gunia la unga lililotulia sakafuni ni vigumu kuliwasha. Wenye viwanda vya mbao na vinu vya kusaga nafaka wana sababu nzuri ya kufagia kila siku na kuweka mbali cheche za umeme.

La pili ni unyevu. Maji hunyonya joto jingi kabla ya kugeuka mvuke, kiasi cha megajuli 2.3 kwa kila kilo. Kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya joto la moto kukausha maji yake, hivyo hufuka moshi na kuwaka kwa shida.

La tatu ni uzito wa kitu chenyewe na jinsi kinavyopitisha joto. Ubao mzito hulisambaza joto ndani yake, kwa hiyo uso wake hukawia kupata joto la kutosha. Sponji imejaa vitundu vya hewa na hailipitishi joto; uso wake hupata joto papo hapo, hutoa mvuke, na moto husonga mbele.

La nne ni hewa. Moto ulionyimwa oksijeni hudhoofika, na upepo ukivuma hupata nguvu. La tano ni mwelekeo. Hewa moto hupanda juu, kwa hiyo moto unaopanda hukausha na kuchoma kilicho mbele yake kabla haujafika. Njiti ya kiberiti ikiinamishwa kichwa chini huungua haraka hadi vidoleni. Ikisimamishwa kichwa juu, huenda ikazimika. Pazia linaloning'inia na nguo iliyovaliwa mwilini ziko katika mwelekeo mbaya kuliko yote.

MBAO, SPONJI NA MABATI

Nyumba ya mbao ina sifa mbaya, lakini mbao nene si adui mkubwa kama inavyodhaniwa. Wahandisi wa ujenzi hukadiria kwamba ubao ulioshika moto huliwa kwa kasi ya takriban milimita 0.7 kwa dakika kutoka upande unaoungua. Tabaka la makaa linalojengeka juu yake huwa kama ngao inayokinga sehemu ya ndani. Boriti yenye upana wa milimita 50 ikiungua pande mbili itachukua kama dakika 35 kuliwa yote, ingawa itashindwa kubeba paa mapema zaidi ya hapo. Mbao nyembamba, zenye nyufa na zilizopangwa wima hazina ngao hiyo, na moto hupanda juu ya uso wake kwa kasi kuliko unavyopenya ndani.

Chuma hakiungui, lakini hakistahimili joto. Kikifika nyuzi 550 hadi 600 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na nguzo zilizokuwa imara hupinda. Mabati nayo hayashiki moto, ila hulipitisha joto upande wa pili kwa muda mfupi, na ndiyo maana chumba cha mabati kilichopakana na chumba kingine hakiwezi kutegemewa kuwa kizuizi cha moto. Ukuta wa mawe unaofika hadi chini ya paa bila kuacha uwazi ni kizuizi bora. Ukiacha pengo juu, moshi na moto hupita hapo kama kwamba ukuta haupo.

Mabadiliko makubwa zaidi ya miaka 50 iliyopita hayakutokea katika kuta bali katika fanicha. Godoro la pamba au la majani, kiti cha mbao, pazia la pamba na blanketi la sufu vimebadilishwa kwa godoro la sponji, makochi ya sponji, mapazia ya poliesta na mazulia ya nailoni. Vitu hivi hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kwa kadiri kubwa huungua kama vilivyo. Huyeyuka, hudondosha matone ya moto, na hutoa moshi mweusi wenye kaboni monoksidi na sianidi. Mvutaji wa moshi huo hupoteza fahamu hata kabla mwali haujamfikia.

Taasisi ya UL ya Marekani ililinganisha vyumba viwili vilivyopambwa kwa namna mbili. Kile cha fanicha za kisasa kilifika kiwango cha kulipuka kwa moto chote, yaani pale joto chini ya dari linapofika nyuzi 500 hadi 600 na kila kitu chumbani kushika moto kwa pamoja, kwa chini ya dakika 5. Kile cha fanicha za zamani kilichukua karibu dakika 30. Chumba kikishafikia hali hiyo, aliyebaki ndani haokoki.

Ni kwa sababu hii serikali nyingi hupima kasi ya vitu kuungua kabla ya kuviruhusu kutumika. Marekani ina kanuni iitwayo FMVSS 302, iliyoanza kutumika mwaka wa 1972, inayotaka vitambaa na sponji za ndani ya magari visiungue kwa kasi ya kupita milimita 102 kwa dakika. Kipande cha kitambaa hulazwa, huwashwa upande mmoja, na saa huhesabu. Ni kipimo rahisi chenye maana kubwa kwa abiria wa basi: moto uliowashwa kitini ukienda kwa kasi hiyo, utachukua karibu dakika 5 kuvuka nusu mita, nao ni muda wa kutosha kusimamisha gari na kushuka.

MOTO WA POLEPOLE NAO HUUA

Si kila kasi ndogo ni salama. Nakuru inaujua moto wa polepole kuliko miji mingi, kwani kwa miongo kadhaa ilikuwa makao ya kiwanda cha pareto, wakati Kenya ilipokuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo duniani. Maua ya pareto yaliyosagwa yalitumiwa kutengeneza dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Asili yake ni Japani. Mfanyabiashara Eiichiro Ueyama alitengeneza kwanza vijiti vya pareto, lakini vikaisha kwa dakika 40 tu huku mbu wakisubiri usiku kucha. Mkewe, Yuki, akapendekeza mwaka wa 1895 kwamba vifanywe vinene na virefu zaidi na kukunjwa kama nyoka aliyejiviringa. Hilo lilifanikiwa mwaka wa 1902.

Koili ya siku hizi, ambayo aghalabu hutumia dawa za viwandani zinazofanana na pareto, huungua bila mwali kwa saa 7 au zaidi. Ikiwa urefu wake ukinyooshwa ni sentimita 75 na itadumu saa 8, basi husonga milimita moja na nusu hivi kwa dakika. Huo ni mfano wa moto uliofugwa: kasi yake imepangwa na mtengenezaji kwa kuuchanganya unga vizuri na kuukandamiza. Lakini ncha yake ni kaa la moto. Ikianguka juu ya blanketi au godoro, kasi iliyopangwa hubadilishwa na kasi ya godoro.

Godoro la pamba, kwa upande wake, laweza kufuka moshi kwa saa nyingi kutokana na kipande cha sigara, bila mwali kuonekana, huku chumba kikijaa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Jiko la makaa hufanya vivyo hivyo. Lanet iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai huwashawishi watu kuingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Makaa hayo huungua polepole kwa kukosa hewa ya kutosha, na ni uhaba huo wa hewa unaoongeza sumu. Jiko lililoonekana limetulia na kuwa jekundu si ishara ya usalama.

Wafugaji nao wana moto wao wa polepole. Marobota ya nyasi za Rhodes yakifungwa kabla hayajakauka vyema, unyevu wake ukipita asilimia 20, vijidudu huanza kuozesha majani na kuzalisha joto. Katikati ya rundo kubwa joto halina pa kutokea. Likipita nyuzi 70, mfugaji anapaswa kuchukua hadhari, kwani joto linaweza kuendelea kupanda hadi rundo lijiwashe lenyewe wiki kadhaa baada ya kuvunwa. Ghala lenye harufu ya sukari iliyoungua au linalotoa mvuke asubuhi linataka kuchunguzwa, na marobota yasifumuliwe kabla ya maji kuwa tayari, kwa sababu hewa mpya hugeuza mfuko wa moto uliofichika kuwa mwali.

PETROLI NA SOMO LA SACHANG'WAN

Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Moto ulipozuka, uliwaua zaidi ya watu 110 na kuwajeruhi wengine wengi, ambao baadhi yao walipelekwa hospitali ya mkoa mjini Nakuru. Mkasa wa aina hiyo umetokea pia Sange, mashariki mwa Kongo, mnamo Julai 2, 2010, na Morogoro, Tanzania, mnamo Agosti 10, 2019.

Kwa nini walio mbali na lori nao waliungua? Jibu limo katika mvuke. Mafuta taa huhitaji kupashwa hadi nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto, na dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hali ya hewa ya Bonde la Ufa, petroli iliyomwagika iko tayari kuwaka wakati wowote, saa yoyote.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi ukatoweka. Hutambaa chini, hujaza mitaro na mabonde, na hufika kwa watu wasiouona. Ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, cheche ndogo yatosha, iwe ya sigara, injini ya pikipiki au vyuma viwili vinavyogongana. Mwali hupita katika mvuke kwa mwendo unaompita mtu anayekimbia. Mtu aliyelowa mafuta miguuni amesimama ndani ya moto ambao haujawashwa bado.

Kwa sababu hiyo, ushauri kwa anayekuta lori limepinduka ni mmoja tu: aondoke, aende upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka, azime simu na injini akiwa mbali, kisha awaite polisi na zimamoto. Hatari hiyo haikomi kwa petroli. Mnamo Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali iwakayo liligonga magari mengine Karai, Naivasha, likalipuka na kuua watu zaidi ya 30, wengi wao wakiwa ndani ya magari yao barabarani. Hawakuwa wamefuata mafuta; moto ndio uliowafuata.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Lita moja ya gesi iliyoyeyushwa mtungini hutawanyika kuwa takriban lita 250 za gesi. Anayenusa harufu yake usiku asiwashe taa wala kuizima. Afungue mlango na madirisha, afunge valvu, na atoke nje.

NYASI, LELESHWA NA MITEREMKO

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, nyasi za Bonde la Ufa hukauka na upepo huzidi. Mlima Longonot na kreta ya Menengai ni mahali palipowahi kuungua zaidi ya mara moja. Nyasi ni kitu chenye uso mkubwa na uzito mdogo, hivyo hukauka kwa saa chache za jua na kuwaka mara moja. Magogo huhitaji wiki nyingi za ukame.

Kichaka cha leleshwa, kinachotapakaa kati ya Naivasha, Gilgil na Nakuru, kina mafuta yenye harufu kama ya kafuri majanini mwake. Mafuta hayo hukifanya kiwake hata kikiwa kibichi, jambo ambalo wachomaji makaa wa eneo hilo wanalifahamu. Mikalatusi nayo ina mafuta kama hayo. Mwenye nyumba aliyepanda mikalatusi karibu na paa au aliyeacha leleshwa ukutani amejiwekea utambi.

Mteremko huongeza kasi. Wataalamu wa moto wa msituni hukadiria kwamba kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka maradufu. Moto uliokuwa ukitembea polepole tambarare hukimbia ukifika kingo za kreta. Kwa hiyo asiyefaa kusimama mahali hapo ni yule aliye juu ya mteremko unaoungua. Mkulima anayechoma mabua shambani ajiulize kwanza upepo unavuma upande gani, mteremko unaelekea wapi, na utepe wa udongo mtupu aliouchimba ni mpana kiasi gani.

MABWENI: DAKIKA ZA WATOTO

Mahali ambapo kasi ya moto imewagharimu Wakenya zaidi ni shuleni. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, baada ya petroli kumwagwa na kuwashwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, watoto 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni lililojengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa.

Bweni ni chumba kimoja kirefu chenye makumi ya magodoro ya sponji, masanduku, nguo na vyandarua. Godoro moja likiwaka, joto lake hurukia la pili bila mwali kugusana nalo, mfano wa jua linavyochoma ngozi kutoka mbali. Joto hilo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Vitanda vya ghorofa huleta tatizo jingine: godoro la juu liko katika njia halisi ya mwali wa la chini.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka wa 2008. Unataka kuwe na angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupitia isiyopungua mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi na ifungukie nje. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na mlango wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Milango isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.

Wapo wanaoona masharti haya kuwa makali au ya gharama. Lakini kila kimoja ni jibu la hesabu ya kasi. Mita 1.2 huchelewesha godoro la pili kuwaka. Mlango wa futi 5 hupitisha watoto wawili au watatu kwa pamoja badala ya mmoja. Mlango unaofungukia nje haufungwi na msongamano wa wanaousukuma. Shule inayoongeza vitanda 20 katika bweni lile lile haijaongeza nafasi 20 tu. Imeongeza mafuta ya moto, imepunguza umbali, na imeongeza watu wa kutoka katika muda uliopungua. Bora jengo la bei nafuu lenye milango mitatu iliyo wazi kuliko jumba la mawe lenye kufuli.

HESABU YA DAKIKA

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la huduma za zimamoto. Wananchi wana haki ya kudai magari, maji na wazimamoto wa kutosha. Hata hivyo, hebu tufanye hesabu. Tuseme nyumba iko kilomita 8 kutoka kituo cha zimamoto. Gari likienda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa litachukua dakika 12, bila kuhesabu muda wa kugundua moto, kupiga simu na kuwasha injini. Chumba chenye makochi ya sponji kimekwisha kufikia mlipuko wake kwa chini ya dakika 5. Hata kikosi bora kuliko vyote hakiwezi kuishinda hesabu hii kwa mbio za gari peke yake.

Kwa hivyo mzimamoto wa kwanza ni aliyemo nyumbani, na wa pili ni jirani. Hapo ndipo Lanet ina jambo la kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, chifu wa Lanet Umoja, Francis Kariuki, alijulikana hata ng'ambo kwa kutumia mtandao wa Twitter kuwatahadharisha wakazi kuhusu wizi na mikasa. Wasiokuwa na intaneti walipokea ujumbe kwa njia ya simu za kawaida. Ujumbe uliwafikia majirani kwa sekunde, wakatoka kwa pamoja. Kikundi cha simu cha mtaa, kipenga au kengele ya shule vyaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa moto.

Mambo mengine hayahitaji fedha nyingi. Mlango wa chumba cha kulala ukifungwa usiku huchelewesha moshi na kuunyima moto hewa. Anayekimbia moto aufunge mlango nyuma yake, na atambae, kwani hewa safi iko chini. Mafuta ya kupikia yakiwaka sufuriani, yafunikwe kwa kifuniko na moto uzimwe. Maji yakimwagwa humo hugeuka mvuke kwa ghafla, yakiongezeka ukubwa mara 1,700 hivi, na kuyarusha mafuta yanayowaka. Nguo ikishika moto mwilini, aliyeivaa asikimbie bali ajilaze na kubingirika, ili mwali ukose njia ya kupanda. Dirisha lenye vyuma liwe na sehemu inayofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Nambari za dharura, 999 na 112, ziandikwe ukutani.

Anayenunua kochi, godoro au pazia huuliza bei, rangi na uimara. Aongeze swali la nne: likishika moto, litanipa dakika ngapi? Muuzaji huenda asiwe na jibu, lakini mnunuzi anaweza kupanga nyumba yake kana kwamba jibu ni dakika 3, kwa kuweka godoro mbali na jiko, koili ya mbu juu ya sahani ya bati, na njia ya kutokea isiyozibwa na kitu chochote.